Mbele ya Kutundika Televizyo, Tusikilize Ukuta

Wakati primi inaingia, ao wakati krezere ameuzisha muzigo muzuri ku depo, kintu cha kwanza chenye kuingia mu nyumba zetu mara nyingi ni televizyo munene, ile ya ekra pla. Hatuna neno na ile. Mutu mwenye kushinda saa nane chini ya udongo iko na haki ya kukaa ku kanape yake, kuangalia Mazembe, na kuona mupira wenyewe, si kivuli cha mupira. Wenye kusema kama muchimbaji anakula feza yake bure, tunawaacha na maneno yao. Sisi tunataka kusema juu ya kile chenye kuwa nyuma ya televizyo, fasi mutu haangalie tena kisha siku ya kwanza: ukuta.

Mu mini za chini ya udongo, ikuwe Kipushi, ikuwe Kamoto, ikuwe Kamoa-Kakula, mutu haingii mu galeri yenye imetoka kupigwa dinamiti na kusimama chini ya plafo hivi hivi. Kuko wenye kupita mbele na pensi, ile nondo ndefu, wanagonga jiwe na kusikiliza. Jiwe zima linalia kali, kama kengele. Jiwe lenye limeachana na wenzake linatoa sauti ya ngoma: bu, bu. Kama ni ngoma, wanaliangusha kwanza, kisha njo bulo zinafungwa. Krezere naye, hata kama hakuna enjenyere mwenye alimufundisha, kama iko na akili anagonga, anasikiliza, anaweka miti ya boazaje, njo anashuka.

Sasa mutu yule yule anatoka posti, anafika ku nyumba, anaitika kijana mwenye perseze atoboe mashimo mane mu ukuta wenye hakuna mutu amegonga hata mara moja. Jioni, mutoto anatandikiwa chini yake. Ku kazi wanatuandikia «sekirite kwanza» ku mulango, ku basi, hata ku kasike. Inaonekana ile sekirite tunaiacha ku vestiere pamoja na bote. Sisi tunasema: sikio lenye kusikiliza plafo ya mini lisikilize na ukuta wa saloni, juu kazi ni ile ile. Kuko uzito, kuko kintu chenye kuushika, na kuko mutu chini.

Tuliona televizyo moja ya 55 kisha kuanguka, mu parsele ya jirani. Baba alikuwa posti ya usiku. Mutoto mwenye alizoea kulala pale chini alikuwa ameenda kwa tantini yake. Asubuyi, baba akataka kwenda kupigana na fundi, juu, kwa kuwaza kwake, fundi aliweka visi za mubaya. Tukaangalia zile visi. Zilikuwa zima, zimeshika muzuri mu sheviyi, na sheviyi nazo zimeshika muzuri mu krepi. Ila krepi yote ilitoka na kipande cha tofali, upana wa sahani. Hakuna kintu chenye kilivunjika mu mikono ya fundi. Ukuta njo ulichoka.

Kwa hiyo tunapashwa kujua kuta zetu zimejengwa na nini, na hapa tutakawia kidogo, juu watu wengi wanawaza kama ukuta ni ukuta tu. Hapa kwetu Katanga, tofali ya kuchoma inatoka mu kichuguu. Mutu anauza kichuguu chenye kuwa mu parsele yake, wenye kufanya matofali wanakuja, wanakikata, wanapiga matofali mu musimu wa jua, wanayapanga tanuru na kuyachoma na miti. Ile tofali, kama ilikuwa katikati ya tanuru, ni ngumu. Kama ilikuwa pembeni, moto haukuifikia sawasawa: rangi yake inaelekea njano, na ukiikwaruza na musumari inatoa unga kama fufu. Mu ukuta mumoja, hizo mbili zinakaa pamoja, na krepi inafunika yote. Zaidi ya ile, kati ya tofali na tofali, mujengaji mwenye hana feza haweke simenti. Anaweka udongo ule ule wa kichuguu, kisha anapitisha simenti kidogo inje ili ionekane muzuri. Shimo la perseze likiangukia pale, sheviyi inashika udongo. Musumari wa kalenda utakaa. Kilo 15 hazitakaa miaka.

Nyumba nyingi za kambi za zamani, zile zenye wazazi wetu walikuta zimejengwa, ziko na matofali ya kuchoma ya nguvu. Mule mutu anaweza kutundika bila woga mwingi, kama anatoboa katikati ya tofali na si mu kiungo. Nyumba za sasa za bloki za simenti ziko na hila ingine: bloki iko na matundu ndani. Meshi inakula simenti santimetre mbili ao tatu, kisha gafula inaingia yenyewe kama mu siagi. Pale muko mu tundu. Sheviyi ya kawaida haina kintu cha kushika mule ndani, inazunguka tu. Na nyumba ya tofali mbichi, ile ya udongo yenye haikuona moto, tutarudia juu yake, maana njo yenye watu wengi wa Kolwezi na Likasi wanaishi ndani, na njo yenye kusahauliwa wakati watu wenye kuuzisha televizyo wanasema kama kutundika ni kazi ya dakika kumi.

Namna gani kujua? Mwanzo, kugonga. Kamata kichwa cha visi munene, ao ncha ya kifunguo, pitia ukuta kila mukono mumoja, toka kushoto mpaka kuume, na masikio mawili. Wachimbaji hawahitaji tuwaeleze sauti. Fasi yenye kulia kama ngoma, krepi imeachana na tofali. Muitoe ao muhamie fasi ingine. Kisha, toboa shimo moja dogo la meshi ya 6, na uangalie unga wenye unaanguka chini. Unga mwekundu wenye kukwaruza mu vidole ni tofali yenye ilichomwa muzuri. Unga laini wa rangi ya udongo ni kiungo ao tofali mbichi. Unga wa buluu-majivu ni simenti. Ni sawa na kuangalia udongo wenye unatoka mu puits: mutu anajua iko wapi kwa kuangalia kile anapandisha.

Kuko tabia moja ya vijana wa perseze yenye tunakatala kabisa. Wanaacha perseze ipige nyundo, hata mu tofali ya kichuguu, juu inaenda mbio. Nyundo ni ya beto. Mu tofali inapasua ndani, shimo linakuwa pana kuliko meshi, na sheviyi inaogelea. Mu tofali munaondoa nyundo, munaacha meshi izunguke tu, polepole. Munapuliza unga wote utoke, ndani kabisa, juu sheviyi yenye kulala mu unga ni kama boti mu matope. Na munahesabu krepi: kama iko na santimetre mbili, zile mbili si kintu, tofali inaanza kisha pale. Kwa televizyo ya 43 na kupanda, sheviyi ya milimetre 10 na visi ya santimetre 7 ao 8 si kupita kipimo. Mbele ya kutoboa, muangalie prizi na enterupteri: kwa kawaida kura inapanda ao inashuka wima toka pale, ao inaenda mulalo, kwa hiyo musitoboe juu, chini, ao pembeni yake, na mukate dizhonktere. Kusema kama «kura hakuna leo, delestaje» si ulinzi. Kura inarudia bila kuuliza mutu.

Sasa sipori, kile chuma chenye kushika televizyo. Watu wanapenda ile ya mukono, yenye kuvutwa mbele na kugeuzwa ili hata mwenye kuwa ku jiko aone. Ni muzuri, lakini tuhesabu pamoja. Televizyo ya 55 ya leo iko na kilo karibu 15. Kama imelala ku ukuta, visi zinabeba zaidi uzito wa kushuka. Mukiivuta santimetre 50 mbele, na kati ya visi za juu na visi za chini za sipori kuko santimetre 20, visi za juu zinavutwa inje na nguvu ya kilo karibu 37. Kila mutu mwenye amekwisha kungoa jiwe na nondo anajua ile kazi: hauongezi kilo, unaongeza urefu. Ongezeni sasa mutoto mwenye ananinginia ku mukono ule juu anataka kufikia buto. Kwa hiyo mawazo yetu ni haya: mukono ni wa ukuta wa beto ao wa tofali nzima ya nguvu. Mu zingine zote, sipori ya bapa, yenye kulala karibu na ukuta, na tunanyamaza.

Nyuma ya televizyo kuko matundu mane. Mupime kati yao mbele ya kwenda ku soko: mara nyingi ni milimetre 200 kwa 200, ao 400 kwa 400 kwa zile za munene. Visi zake mara nyingi ni za 6 ao za 8. Ikiwa visi inakatala kuingia, musiitie nguvu. Ikiwa ni ndefu kupita, itaponda mambo ya ndani, na televizyo itakufa ikiwa bado ku ukuta.

Kisha sipori kufungwa, kuko kitu kimoja chenye tunaomba, na hakina bei. Kamateni bidoni ya litre 20, ile ya manjano ya kila siku. Ikijaa maji, ni kilo 20. Tundikeni moja ku sipori. Kwa televizyo ya 55 na kupita, tundikeni mbili. Wacheni usiku muzima. Mupige mustari na kalamu juu ya ukuta, pembeni ya chuma, mbele ya kulala. Asubuyi, kama chuma kimeachana na mustari, hata unene wa kijiti cha kibiriti, munatoa yote na munaanza fasi ingine. Fundi atacheka. Mumuache acheke. Bidoni ikianguka, munapangusa maji.

Turudie ku tofali mbichi. Tunajua kama wengi watatuambia: «Basi wenye nyumba ya udongo wakae bila televizyo?» Hapana. Tunasema tu kama ukuta wa udongo haupashwe kubeba. Unabeba paa, na ile ni kazi ya kutosha. Musimu wa mvua, toka mwezi wa kumi ao wa kumi na moja mpaka wa ine, maji yanapanda toka musingi na kushuka toka bati yenye kutoboka, udongo unalainika; mu musimu wa jua unapasuka. Muchwa nao wanakumbuka kama ule udongo ulikuwa nyumba yao, wanarudia. Sheviyi ya namna yoyote, hata ya bei, itaachiliwa siku moja.

Lakini muchimbaji iko na jibu tayari, na analitumia chini ya udongo: boazaje. Wakati jiwe haliaminike, mutu halitegemee. Anasimamisha miti, na uzito unashuka ku miti mpaka chini. Basi, kamateni shevro mbili zenye kunyooka, muzisimamishe toka ku simenti ya chini mpaka ku muti wa paa, zikiachana kadiri ya matundu ya sipori. Muzifunge juu ku muti wa paa na musumari munene ao na bulo, na chini muzitie fasi zisiteleze. Mupige mbao nene mbili ya kupita, na sipori mukaifunge ku mbao na bulo yenye rondele nyuma. Ukuta haubebe kintu. Unasaidia tu zisiyumbe. Kama seremala iko na mukono muzuri, anapitisha varnisi, anaficha nyuzi nyuma ya shevro, na wageni watawaza kama ni dekorasyo ya makusudi. Tuliona moja Kambove. Ilipendeza kuliko ukuta wa jirani mwenye aliweka karelazhe.

Wenye ukuta wa bloki za matundu, ao wa tofali ya wasiwasi, wanaweza kutoboa mpaka upande wa pili, kupitisha tije ndefu za chuma, na kuweka kipande cha mbao ao cha chuma upande ule, ili ukuta ubanwe katikati. Inahitaji kwamba upande ule usikuwe chumba cha jirani.

Wenye hawataki yote haya, wabakie na bife. Bife haina haya. Lakini musiwaze kama bife ni salama yenyewe: watoto wengi hawaumizwe na televizyo yenye kutoka ku ukuta, wanaumizwa na ile yenye kuwa juu ya meza, wakati wanafungua tiruwari na kupanda kama ngazi. Mutoto wa miaka miwili ao mitatu njo mwenye kuumia zaidi, juu kichwa chake kiko sawasawa na kingo ya meza. Mufunge televizyo na kamba ya nguvu toka ku matundu ya nyuma mpaka ku bife, na bife mpaka ku ukuta. Na musiweke telekomande, pipi, ao toroli ya mutoto juu yake.

Wenye kukaa karibu na karyeri, Kolwezi zaidi, wako na neno lao peke yao. Saa dinamiti inalia, dirisha linatetemeka, na ukuta nao. Kila mara ni kidogo sana, lakini visi inasikia. Mu Kasulo, fasi watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, hatutundike kitu kizito ku ukuta wowote, hata wa beto, juu hatuwezi kugonga chenye kuwa chini ya musingi. Zingine zote, mwezi ukiisha, mutu apitishe mukono nyuma ya televizyo, aitikise kidogo, na aangalie krepi pembeni ya chuma: ufa mupya wenye kutoka ku shimo la visi ni ujumbe. Mwenye kufanya ile kazi akuwe mama wa nyumba. Hatusemi ile juu ya kumuongezea kazi. Ni yeye na watoto njo wenye kukaa na ile televizyo mchana muzima, wakati baba iko ku posti, na mara nyingi hakuna mutu amemuonyesha hata fasi visi ziko. Siku ya kutundika, asimame pale, aulize fundi: ulitoboa mu nini? Unga ulikuwa wa rangi gani? Fundi mwenye hawezi kujibu hakuangalia.

Hatutaki kuwabebesha vijana wa perseze makosa yote. Kijana analipwa kwa nyumba, si kwa saa, na papa anamusimamia juu ya kichwa: «Fanya mbio, match inaanza.» Mumulipe ya kugonga, mumulipe ya kurudia kesho kuangalia bidoni. Ku televizyo ya dola mia tano, kukatala dola kumi za fundi ni hesabu gani? Na madelege wa sindika, wenye kukaa mu kozeri ya sekirite kila asubuyi, waombe siku moja mu mwezi ya kusema juu ya nyumba: televizyo, makala ya moto mu chumba chenye kufungwa, asidi ya batri mu chupa ya maji. Kampuni inapoteza siku za kazi vilevile kama muchimbaji ameumia ku galeri ao kama anashinda ku lopitali pembeni ya kitanda cha mutoto.

Kunabaki wapangaji, na ni wengi. Mwenye nyumba mwenye anakatala mutoboe ukuta wake, musimuite muchoyo mbio mbio. Pengine anajua kile mujengaji wake aliweka kati ya matofali. Mumuulize. Na kama anashikilia hapana, shevro mbili hazimugusi: muzifunge juu na kamba ya nguvu ku muti wa paa, bila musumari, na siku garanti inaisha, munazipakia ku kari pamoja na televizyo.